Nilivyoirudisha Rokabili Dubai

Jumamosi, 9 Februari 2008

Leo nimejua nilizaliwa kwa ajili gani. Nimejua saa nne asubuhi, hapa gereji Ras Al Khor, barakoa ya rangi ikiwa usoni.

Mambo yalikuwa hivi. Arbab wetu (ndivyo huku tunavyomwita bosi), Bwana Faiz, ana gari la Kimarekani la mwaka 1957. Refu kupita kiasi, na nyuma lina mapezi kama samaki. Nalipaka rangi ya waridi mimi, Severin, mpaka rangi namba moja (namba mbili kaenda likizo Kerala). Ijumaa ya tarehe 22 litaonyeshwa kwenye tamasha la magari ya zamani. Basi arbab akaweka CD, eti gari lizoee muziki wa enzi zake.

Muziki ukaanza. Gitaa linaruka. Mwimbaji anakata maneno kama aliyeshikwa na kwikwi. Na chini ya vyote hivyo kuna kitu kinachapa: taka-taka, taka-taka, kama mtu anayepiga mlango wa bati kwa furaha. Nikauliza ni nini. Arbab akasema ni rokabili, muziki wa rock ulipokuwa bado mchanga, ukachanganywa na nyimbo za wakulima wa kusini mwa Marekani. Ulikufa zamani, sasa umefufuka. Ulaya vijana wanachana nywele kama babu zao na kujaza kumbi. Na kile kinachochapa ni besi kubwa, fidla yenye kimo cha mtu, inapigwa kwa viganja.

Nikatega sikio vizuri. Kodi tatu! Wimbo mzima gitaa lina kodi tatu, mishiko mitatu tu ya nyuzi!

Mwalimu wa kwaya aliwahi kuninyang'anya gitaa mbele ya waumini kwa sababu najua kodi tatu tu. Kumbe miaka yote ile nilikuwa mwanarokabili na hakuna aliyeniambia.

Azimio: tarehe 22 nitapanda jukwaani. Njia sijaijua. Itajulikana.

Jumatatu, 11 Februari 2008

Nywele. Mwanarokabili bila shungi la mbele ni mpita njia tu. Nimenunua dawa ya kulainisha nywele hapa Satwa, mtaa ninaoishi. Maelezo yanasema dakika kumi na tano. Nikafikiri, mimi nywele zangu ni ngumu, nikaongeza ishirini.

Moto! Nimekimbilia bombani nikipiga mayowe kwa lugha tatu.

Lakini shungi limesimama. Limeegemea kushoto kidogo, ila limesimama. Ngozi ya kichwa itapona.

Khalfan, ninayelala naye chumba kimoja, aliiacha cherehani akanitazama. Khalfan ni fundi cherehani, mtu wa Unguja, mpole wa kukera. Anashona, anaswali, anakunywa kahawa bila sukari, na akishona anavumisha nyimbo za taarabu puani. Hatimaye akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimefiwa. Nikamwambia aangalie sindano yake.

Hata hivyo nimemwagiza anishonee koti la waridi lenye kola nyeusi. Amekubali. Alinipima huku akivumisha. Ni mtu wa kuvumiliwa.

Jumatano, 13 Februari 2008

Njia imejulikana! Na njia yenyewe ni Redempta.

Redempta ni dada wa Bukoba, mpishi wa Madam Ghada kule Al Warqa. Tunaonana kanisani kila Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko. Mimi namwona zaidi kuliko anavyoniona. Leo amenipigia simu kuniuliza bei ya kupaka rangi jokofu, na katika maongezi ikamtoka kwamba Madam Ghada ndiye mwandaaji wa tamasha lile. Mwimbaji anatoka Uingereza. Anaitwa Marlene Cobalt, na wanasema ni mmoja wa waliouamsha muziki huu. Na kabla yake anatafutwa mtu wa kufungua jukwaa!

Nikamwambia Redempta amwambie madam kwamba mfalme wa rokabili wa Afrika Mashariki yumo humu humu mjini. Redempta akasema hawezi kusema uongo, atasema tu kuna mkaka anapiga gitaa. Nikamwambia hilo halina uzito. Akasema ndilo lenye ukweli.

Madam akataka kusikia kwanza. Sina CD. Nina simu na choo cha gereji, ambacho kina mwangwi mzuri kuliko studio yoyote. Nimejifungia humo na gitaa wakati wa chakula cha mchana. Nimeimba kwa kwikwi zote nilizozisikia. Ubeti wa tatu msimamizi wetu Cyrus, Mkenya, akagonga mlango na kuniuliza, "Buda, uko sawa kweli? Tukuitie ambulensi?" Sauti yake imeingia. Nikaona inaongeza uhai, nikaiacha, nikamtumia Redempta.

Saa kumi na moja Redempta akarudisha majibu. Madam amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Ijumaa, 15 Februari 2008

Mtu mwenye nia hangojei kuitwa. Baada ya misa nimevaa koti (Khalfan ameshona vizuri, siwezi kukataa, ingawa mabega ameyapunja), nikapanda basi hadi Al Warqa. Abiria walinipisha. Nadhani ni heshima.

Nyumba za kule zinafanana zote. Mlinzi wa lango la kwanza hakuningojea niseme. Akaninyooshea kidole: sherehe ya mtoto ni nyumba ya tatu, na vikaragosi wenzangu wameshafika.

Nimempuuza.

Madam Ghada ni mama wa haraka haraka, simu mbili, miwani juu ya kichwa. Alinipokea jikoni, Redempta akiwa nyuma yake anakatakata vitunguu na kunipa ishara ya kunyamaza. Sikunyamaza. Nilieleza kuhusu kufufuka kwa rokabili, kuhusu kodi tatu, kuhusu wito wangu. Madam akasema nafasi ya kufungua amekwishawapa bendi ya Wafilipino wa hoteli moja, khalas. Lakini anahitaji watu wenye nguvu wa kubeba spika.

Nimekubali. Kwenye daftari hili naandika cheo chenyewe: Mratibu wa Jukwaa.

Redempta alinisindikiza hadi langoni. Nikategemea neno tamu. Akasema shungi limelala. Halafu akanieleza jambo. Ana binti, Betty, ana miaka kumi, analelewa na bibi yake Bukoba. Hajamwona tangu akiwa na miaka saba. Pasaka hii Betty anapata komunyo ya kwanza. Madam amemwahidi likizo, ila kwa sharti moja: tamasha lipite salama kwanza, maana wageni watalala pale nyumbani na mpishi hawezi kukosekana.

"Kwa hiyo, Severin," akasema, "beba spika. Beba tu."

Nikamwahidi. Njiani nikafikiri: mbebaji spika husimama hatua mbili tu kutoka kwenye maikrofoni.

Jumanne, 19 Februari 2008

Mungu yupo!

Mpiga besi wa Bi Marlene amekatwa kidole tumbo. Kidole tumbo, hospitalini, kwao Uingereza, anaendelea vizuri, namwombea. Wenzake wamefika leo asubuhi: Bi Marlene, mpiga gitaa, mpiga ngoma, na besi yenyewe ndani ya sanduku kama jeneza. Mpigaji ndiye hayupo. Madam Ghada amepiga simu mji mzima. Wapiga besi wa mahotelini wote wanapiga ile ya umeme, na mmoja anayejua kubwa yuko Bahrain.

Redempta alinieleza haya kwa kulalamika tu. Nikamwomba ampe madam simu. Akasema kwa nini. Nikasema nina ushauri wa kubeba spika.

Madam alipopokea nikamwambia napiga besi kubwa. Akauliza ile ya kusimama? Nikamwambia hata sijui kuipiga nimekaa. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu shuleni. Akavuta pumzi ndefu, akasema alhamdulillah, mazoezi ni Alhamisi saa nane, uwanjani.

Redempta alirudishiwa simu. Nilisikia mlango ukifungwa, akaingia stoo ya unga nadhani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli najua kuipiga. Nikamwambia ina nyuzi nne tu, na mimi nimezoea sita. Akasema amenisemea kwa madam kwamba mimi ni mtu wa kweli. Akasema, "Usinichezee, Severin. Sijacheka na mwanangu miaka mitatu."

Nikamwambia aanze kufungasha.

Jumatano, 20 Februari 2008

Nimebakiwa na siku moja ya kujifunza chombo ambacho sijawahi kukigusa. Inatosha. Wengine wamejifunza udaktari kwa haraka zaidi, nimewaona.

Nimetengeneza besi yangu ya mazoezi hapa gereji. Pipa tupu la oili, ubao mrefu, na waya za breki. Nimechapa tangu mapumziko ya saa nne. Kufikia alasiri nina malengelenge vidole vinne na Cyrus ameniomba, kwa niaba ya wafanyakazi wote, niache.

Nimelibeba pipa hadi Satwa kwa pikapu ya arbab. Khalfan alikuwa anapinda gauni. Akanitazama nikichapa. Akasema kiganja nimekikaza, mkono wa kushoto nimeukamata kama nashika kuku, na waya ya pili imelegea. Nikamuuliza yeye anajua nini. Akasema, bila kuinua macho, kwamba Unguja alipiga besi kwenye kikundi cha taarabu miaka minane.

Nimecheka! Taarabu! Watu wamekaa vitini na leso mkononi! Nikamfafanulia kwamba rokabili ni muziki wa kuruka, mpigaji anaizungusha besi kama dansa, anaipanda mgongoni akiwa anapiga. Nimeona picha kwenye jalada la CD ya arbab.

Akasema, "Haya bwana. Miye sipandi kitu cha mtu." Akaendelea kupinda.

Wivu.

Alhamisi, 21 Februari 2008

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Nianze mwanzo. Uwanja ni ule mpana karibu na Khor, ule mkono wa bahari, jukwaa limejengwa katikati ya magari. Gari letu la waridi liko mbele kabisa, linang'aa, kila mtu analisifu na hakuna anayeuliza nani kalipaka. Nimefika saa nane kamili, koti, shungi, miwani.

Bi Marlene Cobalt ni mdogo wa umbo. Kama thelathini hivi. Gauni la madoadoa, buti za wachunga ng'ombe, mikono imechorwa mbayuwayu, pua imeshaungua jua. Alinipa mkono kama mwanamume na kunishukuru kwa kuwaokoa. Aliniambia walianza kupiga kwenye baa za watu kumi na wawili, wakichekwa kwamba wanaimba nyimbo za marehemu. Sasa wanaitwa hadi huku. Alisema hiyo ndiyo furaha yake, kwamba kitu kilichotupwa kinaweza kuokotwa kikiwa bado kina joto. Nilitaka kulia. Nilitaka pia aniulize habari zangu, lakini akaniuliza nataka wimbo katika ufunguo gani.

Nikamwambia funguo anazo arbab.

Wakacheka sana. Wakadhani ni mzaha. Nikacheka nao. Wakaanza.

Besi ile ni kubwa kuliko mimi. Nilichapa. Ikatoa sauti kama mlango wa friji. Nikachapa tena. Mpiga ngoma akageuka. Mpiga gitaa akasimama. Bi Marlene akasema kwa upole tuanze upya, labda nimechoka. Tukaanza upya. Nikaona ninapotezwa, nikaona Madam Ghada anakuja na simu zake mbili, na Redempta nyuma yake na sinia la sandwichi. Nikajua vidole havitaniokoa. Kilichobaki ni kuwaonyesha ile ya kwenye jalada.

Nikaipanda.

Nilikuwa juu yake kwa muda wa kutosha kuinua mkono mmoja. Kisha kile kibao kinachoinua nyuzi kikafyatuka kama risasi, nyuzi zote nne zikalala, na mimi nikalala, na sinia la sandwichi nalo likalala, maana Redempta alilitupa akija kudaka. Hakuja kunidaka mimi. Alidaka besi. Aliidaka shingoni, sentimita chache kabla ya ardhi. Bila yeye ingekuwa kuni.

Hata wale wa magari walizima injini.

Bi Marlene alikaa juu ya sanduku lile la jeneza, akashika kichwa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Madam Ghada alimgeukia Redempta, si mimi. Akamuuliza kama huyu ndiye mtu wa kweli aliyemsemea. Redempta akasema ndiyo, madam. Madam akasema basi habari ya likizo wataiongea siku nyingine, inshallah. Ile inshallah yenye maana ya hapana.

Mimi nilikuwa nafikiri. Nilikuwa na mipango mitatu. Wa kwanza, kusema besi ilikuwa mbovu tangu uwanja wa ndege. Wa pili, kuzimia. Wa tatu nimeusahau, kwa sababu nilipozunguka nyuma ya gari la vyombo kujipanga, nikamkuta Redempta. Alikuwa anaokota vipande vya mkate mmoja mmoja na kuvirudisha kwenye sinia. Machozi yanamtoka naye hata hayafuti, mikono ina mayonezi.

Nikamwambia nina mpango. Akasema, "Severin, nakuomba. Usiwe na mpango."

Nikasimama pale. Kisha nikampigia Khalfan.

Naliandika hili mara moja tu na sitalirudia. Nilimwambia Khalfan, ndugu yangu, nimeharibu, njoo. Hakuuliza nini. Aliuliza wapi.

Alikuja kwa teksi, futi ya kupimia shingoni, kandambili. Akawasalimia wote. Akaiinamia besi, akaipapasa mbavu kama daktari wa wanyama. Akakiokota kile kibao chini ya gari letu, akakisimamisha mahali pake, akakipima kwa futi yake ya kushonea kulia na kushoto. Akafunga nyuzi. Akageuza vile vigingi vya juu vya kukazia nyuzi, sikio limegusa shingo ya besi, taratibu, kila mtu anangoja. Halafu akapiga.

Hakuchapa. Alivuta tu kwa vidole viwili. Sauti ilitoka chini, nzito, safi, nikaisikia kwenye soli za viatu. Bi Marlene akainua kichwa.

Bi Marlene alimwonyesha jinsi ya kuchapa kwa kiganja. Khalfan alikosea mara mbili, akaomba radhi mara mbili. Mara ya tatu ikaja: taka-taka, taka-taka. Baada ya nusu saa mpiga ngoma alikuwa anacheka peke yake kwa raha. Bi Marlene aliuliza amejifunzia wapi. Khalfan akasema Unguja, kwa marehemu ami yake, huko besi kama hizi zipo tangu zamani, na zilipokuwa hazipigwi waliziwekea kanga zisiingie vumbi.

Madam Ghada akaniuliza mimi nitafanya nini kesho. Nikamwambia mimi ndiye niliyemleta huyu, kwa hiyo mimi ni meneja wake.

Akasema spika.

Ijumaa, 22 Februari 2008

Siku ya ushindi. Nieleze kwa utaratibu, maana historia itauliza.

Watu walijaa baada ya swala ya alasiri. Sijawahi kuona mchanganyiko kama ule. Wazungu wazee wenye mashungi ya kweli, meupe, yamepakwa mafuta. Vijana wa hapa hapa wamevaa kandura, zile kanzu zao nyeupe, na miwani myeusi, wamekalia boneti. Wasichana wa Kifilipino wamefunga vitambaa vyekundu kichwani. Baba mmoja wa Kihindi amembeba mtoto mabegani. Wote wamekuja kusikia muziki ambao, kwa mujibu wa vitabu, ulikufa kabla wengi wao hawajazaliwa.

Khalfan hakuwa na nguo ya jukwaani. Bi Marlene akaliona koti langu. Sitaki kulizungumzia. Lilimkaa vizuri mabegani. Ndiyo maana aliyapunja! Alijipimia yeye!

(Ameapa wallahi si kweli. Nimeamua kumwamini mpaka tamasha liishe.)

Bi Marlene alipanda, akachapa buti mara nne, na ikaanza. Nilikuwa nyuma ya spika ya kushoto, kazi yangu kuhakikisha haianguki. Kwa nyimbo tatu nilisahau kuwa na hasira. Yule mwanamke mdogo ana sauti inayopanda, inavunjika makusudi, inajishika yenyewe hewani na kurudi. Gitaa linamjibu. Na nyuma yake Khalfan, macho yamefumbwa, uso ule ule wa kupinda gauni, anachapa kama mvua juu ya bati. Haruki. Haizungushi. Na watu ndio wanaoruka kwa niaba yake! Wazee wa shungi walikuwa wanaruka! Mwili wangu wote ulisisimka, na hilo shungi langu, nakiri, lilisimama lenyewe.

Kisha nikakumbuka wito wangu.

Gitaa langu na amplifaya yake ndogo vilikuwa chini ya jukwaa tangu asubuhi, kwa tahadhari. Nikakata shauri: wimbo wa mwisho, napanda, kodi tatu, ubeti mmoja tu. Nani atamfukuza mtu katikati ya wimbo? Nilichohitaji ni umeme wa amplifaya yangu. Nikatambaa. Nikakuta ekstensheni imejaa plagi, hakuna tundu hata moja. Nikachomoa plagi moja ndogo, ambayo haikuonekana kuwa ya maana, nikachomeka yangu.

Pap.

Kila kitu kikazima. Spika, maikrofoni, gitaa la umeme, hata mashine ya bisi ya upande wa pili. Nilifumba macho nikimwona Redempta akiokota mikate.

Lakini besi haina umeme. Nani angefikiria? Kwenye kile kimya ilibaki taka-taka, taka-taka, haikutetereka hata kidogo. Khalfan hata macho hakufumbua. Mpiga ngoma akaushika wimbo. Bi Marlene akaiacha maikrofoni, akaruka chini kutoka jukwaani na buti zake, akapanda juu ya boneti ya gari letu la waridi (rangi yangu! tabaka tatu!) akaimba kwa sauti tupu. Watu wakasogea. Wakamzunguka. Wakaanza kupiga makofi, wale wa kandura wakaongeza makofi yao ya harusi, yanayopishana, yakaingia sawasawa kwenye rokabili kama yalitungwa pamoja. Nilimwona Madam Ghada akipiga makofi, simu zote mbili ziko kwapani. Nilimwona Redempta amevua aproni, anacheza na baba wa Kihindi na mtoto wake.

Mafundi waliporudisha umeme watu walizomea umeme.

Bi Marlene aliwaambia waandishi kwamba hivyo ndivyo muziki huu ulivyoanza, bila waya, na kwamba hajawahi kuwa na tamasha bora kuliko hili. Akauliza kama kuna anayejua nani alizima. Hakuna aliyejua.

Khalfan, akikunja koti langu, alinipa plagi yangu mkononi. Akaendelea kukunja.

Jumamosi, 23 Februari 2008

Picha iko gazetini! Bi Marlene juu ya boneti, Khalfan nyuma na besi. Pembeni kushoto, nyuma ya spika, kuna kiwiko. Kiwiko hicho ni changu. Nimewaonyesha gereji nzima. Cyrus anasema kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Arbab anachotazama ni alama za buti kwenye rangi. Nilidhani atanifukuza, lakini amesema tuziache, tuzipakie vanishi zisifutike. Watu wanapiga simu kutaka kuliona gari.

Bi Marlene ameondoka. Alimwomba Khalfan ajiunge nao Muscat na Doha. Khalfan amesema ana magauni sita ya harusi ya Alhamisi na ameshatoa ahadi. Nimemwambia ni mjinga. Akasema huenda. Bi Marlene amemwachia besi! Alisema ameandikiana na mwenyewe kule hospitalini na wamekubaliana, chombo kikae na mtu wa kukipiga, wao watanunua kingine kwao. Sasa besi imesimama kati ya vitanda vyetu na imefunikwa kanga. Usiku nikigeuka naigonga kwa goti.

Redempta amepewa likizo. Siku arobaini na tano. Anaondoka wiki ya pili ya Machi, atawahi Pasaka. Alinipigia mwenyewe. Alimshukuru Khalfan, kisha akanishukuru mimi, kwa kupiga ile simu. Akasema anajua haikuwa rahisi. Nilitaka kumweleza kuhusu umeme, kwamba ule ushindi wote, ukiufuatilia hadi mwisho, unaishia kwangu. Nikafungua mdomo.

Akasema, "Severin, ukinyamaza wewe ni mtu mzuri sana."

Nikanyamaza. Ilikuwa kama sekunde nne. Ni sekunde nzuri kuliko zote tangu nifike nchi hii, nami nitazikumbuka.

Jumanne, 26 Februari 2008

Nimetafakari kwa siku tatu. Nimejichunguza kwa unyofu mkubwa, kama mtu anavyotakiwa baada ya jambo zito. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi.

Lilikuwa kwenye muziki. Muziki si wito wangu.

Leo nimepeleka jokofu la Madam Ghada, nimelipaka vizuri. Nikamkuta kwenye simu, amechanganyikiwa. Mwezi ujao anaandaa onyesho la kuteleza kwenye barafu, kule kwenye uwanja wa barafu wa ndani ya duka kubwa. Watelezaji kumi na wawili kutoka Urusi. Mmoja ameteguka kifundo cha mguu, na yeye ndiye wa kumwinua dada juu na kumzungusha.

Redempta alikuwa anapanga sahani. Aliniona nikivuta pumzi niseme. Alitikisa kichwa taratibu, kulia, kushoto, kulia.

Nikamwambia madam ukweli mtupu, kwamba mimi natoka Kibosho, chini ya Kilimanjaro, na kwamba barafu tunaiona kutoka jikoni.

Mazoezi ni kesho alasiri. Wamenipa viatu vya kwenda kuvizoea nyumbani. Vina visu chini. Nimeviondoa, maana mtu anaweza kujikata.